Maji meusi ya korongo: nani anapima, nani anafunga?

Dada mmoja wa Ujiji kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nyuma ya kwetu kuna korongo linashuka mpaka ziwani. Kule juu kuna jamaa anakamua mawese, maji yake machafu anayamwaga humohumo, na watu nao wanatupa taka wakisubiri mvua ije ibebe. Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa kanituma halmashauri, halmashauri wakasema hiyo kazi ya NEMC (lile baraza la taifa la mazingira), mwingine kaniambia nenda mkoani. Hivi hiyo halmashauri ya mkoa inafanya nini hasa? Wanapima mazingira kweli au ni makaratasi tu?"

Marahaba dada. Hapo kwenye makaratasi umenichekesha maana mimi mwenyewe nimekuwa afisa mazingira miaka mingi kwenye halmashauri moja ya huku kwetu, na jibu la ukweli ni kwamba ndio, sehemu kubwa ni makaratasi. Ila usikate tamaa mapema, kwa sababu karatasi ndo kitu pekee ambacho wewe usiye na cheo unaweza kukitumia ukawasukuma wenye vyeo.

Kwanza nikutoe kwenye kitu kimoja ambacho ndo kimekuzungusha. Hakuna halmashauri ya mkoa. Mkoa hauna madiwani, mkoa ni mkono wa serikali kuu, kuna mkuu wa mkoa, kuna katibu tawala wa mkoa na wataalamu walio chini yake, ndo wanaita sekretarieti ya mkoa. Wenye madiwani, wenye sheria ndogo, wenye gari la taka na mgambo ni halmashauri, na Kigoma tunazo nane, kuna Manispaa ya Kigoma/Ujiji ambayo ndo yako, kuna Mji wa Kasulu, alafu za wilaya ni Kigoma, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko na Uvinza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mtaalamu wa mazingira pale mkoani, lakini kazi yake ni kuzishauri halmashauri na kuziunganisha na serikali kuu. Anapokea taarifa zao, anazunguka kukagua, anaandika mapendekezo. Kuja na kufuli kufunga mtambo wa mawese wa mtu mmoja Ujiji, hapana, atakurudisha manispaa na hatakuwa amekosea. Najua utaniambia mbona mkuu wa mkoa akipita na msafara anaamuru papo hapo na kitu kinafungwa? Kinafungwa kweli, kamera zikiwepo. Mi nimeona vingi vilivyofungwa Jumanne vikafunguka Ijumaa kwa sababu nyuma ya ile amri hakukuwa na notisi, hakukuwa na jalada, hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kurudi kuangalia.

Haya, ukishuka halmashauri ndo kwenye nguvu yenyewe. Sheria inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na inataka kamati. Kwa manispaa ni kamati ya madiwani ya mipangomiji na mazingira, kwa halmashauri za wilaya ni ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, hao wanakaa, wanapokea taarifa, wanapeleka kwenye baraza la madiwani. Chini yao kuna kata, mtaa, kijiji, hadi kitongoji, kote huko sheria imetaja watu wa kusimamia mazingira ingawa sehemu nyingi kamati ipo kwenye daftari tu na wajumbe wenyewe hawajui kama ni wajumbe. Taka ngumu ni mzigo wa halmashauri, hiyo haina mjadala, kuzoa, kupeleka dampo, kuweka utaratibu wa ada. Alafu usimsahau bwana afya. Watu wanamdharau bwana afya wanadhani kazi yake ni kukagua vyoo na migahawa, kumbe kwa kero kama yako yeye ndo mwenye kalamu ya haraka, anaandika notisi ya kuondoa kero ndani ya siku kadhaa, mtu asipotekeleza anapelekwa mahakamani.

NEMC wao wako kwenye miradi. Mtu anataka kujenga kiwanda, kituo cha mafuta, mgodi, anafanya tathmini ya athari kwa mazingira, anapewa cheti, baadaye wanakuja kumkagua. Mtambo mdogo wa mawese wa mtaani, pipa mbili tatu za kuchemshia na kinu cha injini, kwa kawaida haufiki kwenye tathmini kamili, unabaki mikononi mwa halmashauri. Kwa hiyo yule aliyekuambia "hiyo ni ya NEMC" alikuwa anakutupia mpira tu. NEMC wana uwezo wa kuingilia ndio, wana wakaguzi wao na kutoza faini wanaweza, lakini hiyo haiifuti kazi ya manispaa.

Na kuna ofisi ambayo hakuna aliyekutajia, nayo iko hapohapo Kigoma: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Nchi imegawanywa mabonde tisa ya maji na hili ni moja. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayetaka kutiririsha maji machafu kwenda kwenye mto au ziwa anatakiwa awe na kibali cha bodi ya bonde. Sasa muulize huyo jamaa wa mawese kibali chake kiko wapi. Najua hana.

Tuje kwenye kupima maana hapo ndo umeuliza vizuri zaidi.

Watu wakisikia halmashauri inafuatilia mazingira wanawaza mitambo, taa zinawaka, grafu zinacheza. Hamna. Kifaa cha kwanza ni jicho na pua. Mtendaji anapita, anaona, anaandika. Hayo maandishi yanapanda kata, yanafika kwa afisa mazingira, anayaunganisha na mengine anatengeneza taarifa ya robo mwaka, ambayo inaenda kwenye kamati, baraza, alafu mkoani. Ndo maana nakuambia kama korongo lenu halijaandikwa na mtendaji wa kata, basi kwa macho ya manispaa halipo. Linanuka, watoto wanaumwa matumbo, lakini halipo.

Kifaa cha pili ni sampuli. Hapa nikuambie aibu yangu. Nikiwa bado mgeni kazini tulipata malalamiko ya maji ya kisima kwenye kijiji kimoja cha mwambao, tukaenda na boti, nikachota maji kwenye chupa ya soda niliyoisuuza mwenyewe, nikaiweka kwenye begi, tukalala huko kwa sababu ziwa lilichafuka, kesho yake jioni ndo nafika maabara najiona shujaa. Dada wa maabara aliiangalia ile chupa akaniangalia mimi akasema hii kanywe mwenyewe. Sampuli ya vijidudu inachukuliwa kwa chupa iliyochemshwa maabara, inakaa kwenye boksi la barafu, na inatakiwa ifike ndani ya saa 24, ikiwezekana ndani ya saa sita, la sivyo vijidudu vinazaliana au vinakufa humo njiani na majibu yanakuwa hadithi. Fikiria sasa mtu wa Kalya kule kusini Uvinza, boti, barafu hamna, utapima nini. Ndo maana vijiji vya mbali vina data chache sana, sio kwamba maji yao ni safi. Na ndo maana nakuomba usijaribu kuchota mwenyewe ukapeleke kama ushahidi, mwanasheria wa upande wa pili ataicheka kama mimi nilivyochekwa. Omba wao waje wachote, na wewe uwepo.

Kwa maji ya mawese wanachoangalia sana ni uchachu wake, mafuta yanayoelea, na kile kipimo cha oksijeni ambayo bakteria wataila wakati wanaozesha ule uchafu. Kwa hicho kipimo cha oksijeni, kiwango cha nchi cha maji taka kuingia kwenye mto au ziwa ni miligramu 30 kwa lita. Maji ghafi ya mawese kwenye viwanda vikubwa duniani huwa yanasoma kama 25,000 hivi. Sijakosea sifuri. Kwa hiyo hata huyo wako awe mdogo kiasi gani, ndoo zake chache zikiingia kwenye korongo lenye maji kidogo wakati wa kiangazi, oksijeni yote inaliwa, ndo maana yanakuwa meusi na yananuka yai viza. Sio sumu kwa maana ya dawa ya panya, ni chakula kingi kupita kiasi kwa bakteria.

Ziwani kuna kipimo rahisi nakipenda sana, ni sahani iliyopakwa nyeupe na nyeusi, unaishusha kwa kamba mpaka isionekane, unasoma kina. Katikati ya Tanganyika unaweza kuiona mita kumi na zaidi, ziwa letu ni safi ajabu, lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina. Sogea kwenye mdomo wa mto Luiche siku moja baada ya mvua kubwa, sahani unaipoteza kabla kamba haijanyooka. Huo wote ni udongo wa mashamba ya milimani, na ule udongo unakaa juu ya mawe ambako samaki wadogo wa mwambao wanakula na kutaga. Samaki hao wengi hawapo ziwa lingine lolote duniani. Wavuvi wanasema samaki kahama, kumbe nyumba yake imefukiwa.

Misitu sasa, huko ndo kupima kumepiga hatua na sifa ziende kwa vijiji. Tangu mwaka 1994 kulipoanza ule mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall kwenye vijiji vinavyoizunguka Gombe, ikaja kuzoeleka kwamba picha ya setilaiti inawekwa mezani mbele ya wanakijiji, bibi anakuonyesha hapa ni chemchemi, hapa ni makaburi, hapa ni kwa fulani. Kwenye hiyo picha wanachora mpango wa matumizi bora ya ardhi, msitu wa kijiji unatengwa, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri inaridhia. Alafu kijiji kinateua vijana wa kuzunguka na simu zenye jipiesi, ukikutwa mti umekatwa au mtego unapigwa picha, mahali panaandikwa, inatumwa. Kila nikiulizwa na wanafunzi ufuatiliaji wa mazingira ni nini nawaambia nendeni mkawaone wale vijana, msiangalie pawapointi zetu.

Kinyume chake ni upandaji miti. Kila halmashauri imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo zuri, lakini tunahesabu nini? Tunahesabu miche iliyotoka kitaluni. Taarifa inasema imepandwa, mbuzi wamekula, kiangazi kimeunguza, mwaka unaofuata inapandwa palepale na inahesabiwa tena. Nimesaini taarifa za hivyo, sitajificha. Halmashauri ikikuambia imepanda milioni moja na nusu waulize swali moja tu, ya mwaka juzi imebaki mingapi, utaona watu wanavyotafuta miwani.

Kule Kasulu na Kibondo kuna habari ya kuni za kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na Uvinza kuna historia ndefu ya kuchemsha chumvi kwa kuni, hizo zinahitaji siku yake, nisikuchoshe.

Ila mita 60 lazima niiseme kwa sababu na wewe uko karibu na maji. Sheria ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au fukwe za ziwa. Kwenye karatasi ni rahisi, unavuta futi. Sasa unavuta kuanzia wapi kwenye ziwa ambalo linapanda na kushuka? Kuanzia 2020 hivi maji yalivyopanda, kule Kibirizi na Ujiji watu walioonekana wako mbali na ufukwe wakajikuta maji yako mlangoni. Na sio mara ya kwanza, mwaka 1878 ziwa lilikuwa juu kama mita kumi kuliko tulivyolizoea, likatoboka upande wa Kongo kwenye mto Lukuga likashuka, ndo maana pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871 leo unatembea ndo ulifikie ziwa. Kwa hiyo mtu wa ardhi akija kuwapimia mita 60 mwambie aonyeshe kina cha ziwa alichotumia, na hicho anakipata bodi ya bonde, wao ndo wenye vipimo vya kusoma kina cha ziwa na mito. Wengine wanapima kutoka pale maji yalipo siku hiyo wanaondoka, hiyo sio kazi.

Utauliza kama yote haya yapo kwa nini korongo bado linanuka. Hela. Kazi ya mazingira nyingi inategemea mapato ya ndani, na mapato ya ndani yakiyumba kitu cha kwanza kukatwa ni mafuta ya gari la ukaguzi, hakuna diwani anayepoteza kura kwa sababu sampuli haikuchukuliwa. Pili ni ile hali kwamba mkosaji ni jirani. Mwenyekiti wa mtaa anakula harusi moja na huyo mkamuaji, atamfungia vipi? Mi simlaumu sana kukutuma halmashauri, ila alitakiwa akupe barua, sio maneno.

Sasa fanya hivi. Andika barua kwa mkurugenzi wa manispaa, ukurasa mmoja tu, usiweke siasa wala majina ya kabila wala "tumechoka". Weka mtaa, korongo liko wapi, siku na saa ulizoyaona hayo maji, na hapa naomba uwe mvumilivu, yaangalie siku nne tano tofauti kwanza, siku anazokamua na siku asizokamua, siku ya mvua na siku kavu, picha kila siku ukisimama palepale. Picha moja ya maji meusi haina uzito, picha tano zinazoonyesha kwamba anapokamua yanakuwa meusi na asipokamua yanapungua, hiyo tayari ni nusu ya kazi ya mkaguzi. Taka ziandike kwenye aya yake peke yake kwa sababu mwenye kosa ni mwingine, tena kwa sehemu ni manispaa yenyewe kama gari halipiti. Ukichanganya watakujibu la taka wataacha la mawese.

Nakala peleka kwa mtendaji wa kata, diwani, bodi ya bonde, na NEMC ofisi ya kanda. Mkoani unaweza kupeleka nakala pia, hapo sasa mtaalamu wa mkoa atakuwa na kitu cha kuwauliza manispaa wakileta taarifa ya robo. Na nakala yako wewe igongwe muhuri wa masjala, tarehe ionekane. Barua ya malalamiko isiyo na muhuri ni maneno ya kibarazani. Kimya kikizidi, andika ya pili ukiomba taarifa, hatua gani zimechukuliwa na majibu ya vipimo kama vipo, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 za kukujibu. Nimekaa upande ule wa meza nakuambia, barua inayotaja siku 30 haiwekwi chini ya mafaili. Na diwani wako mwambie aiulize kwenye kamati, kikao cha baraza lenyewe kiko wazi kwa wananchi, nenda ukakae pale nyuma. Mwisho kabisa mahakama, sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kwenda kuidai, lakini sidhani kama mtafika huko kwa pipa mbili za mawese.

Na kabla hujagonga muhuri, kaongee na huyo jamaa. Simaanishi umsamehe. Mawese ndo ada za watoto wa nusu ya mji huu, ukimfungia leo kesho atahamia korongo la jirani yako. Mwambie achimbe mashimo matatu yanayofuatana, maji yaingie la kwanza yatulie, mafuta yanayoelea juu ayachote, wapishi wa sabuni ya gwanji wanayanunua, maji yapite la pili na la tatu ndo yaende shambani kwenye migomba, sio korongoni. Machicha ayakaushe ayatumie kuni. Kuna wakamuaji wawili ninaowafahamu walianza kwa kulazimishwa na bwana afya, siku hizi wanauza yale mafuta ya shimoni na wanakuambia walikuwa wajinga. Kama amekubali, basi kwenye barua andika kwamba mmeongea na amekubali kuchimba, omba bwana afya aje akague mashimo na ampe muda wa maandishi.

Ukishaipeleka nitumie picha ya muhuri tu, barua yote sihitaji, niangalie kama masjala wameiandikia namba ya jalada. Kama hawajaandika rudi kesho yake asubuhi, usiondoke dirishani mpaka waandike.